Kiangazi chenye Mvua: Uhakiki wa Istilahi za Aina za Tabianchi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi ambazo Kiswahili kinazitumia kutaja aina kuu za tabianchi ulimwenguni. Mada hii aghalabu huachiwa wanajiografia, nao wanaisimu hujiweka kando kwa kudhani kuwa palipo na vipimo vya mvua na joto hapana kazi ya mchambuzi wa lugha. Dhana hiyo haina msingi. Uainishaji wowote ni tendo la kutaja kabla haujawa tendo la kupima, na yule anayechagua jina ndiye anayeamua ni sifa ipi ya kitu itakayoonekana na ni ipi itakayofichika. Mahali palipochaguliwa pa kujaribia hoja hii ni Namanga, mji wa mpakani ulio kusini mwa Kajiado, chini ya mlima Ol Doinyo Orok. Hapo Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania hukutana barabarani kila siku, na hapo pia lugha nyingine, Kimaa, ilikuwa ikiainisha ardhi na mvua kabla ya Kiswahili kufika.

Mfumo wa uainishaji unaofundishwa zaidi mashuleni ni ule wa Wladimir Köppen. Mtaalamu huyu alizaliwa St. Petersburg mwaka 1846 katika familia yenye asili ya Kijerumani, akasoma shule mjini Simferopol katika rasi ya Crimea, akafanya kazi kwa miaka mingi mjini Hamburg, na kufariki Graz, nchini Austria, mwaka 1940. Safari zake za ujanani kati ya Crimea na St. Petersburg zilimwonyesha jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyotoka kusini kwenda kaskazini, na jambo hilo halikumtoka akilini. Mwaka 1884 alichapa ramani ya kanda za joto. Mwaka 1900 alitoa uainishaji wake, akiegemea makundi ya mimea yaliyokuwa yamependekezwa na mtaalamu wa mimea Alphonse de Candolle. Akaurekebisha mwaka 1918, na kuutoa tena mwaka 1936. Rudolf Geiger aliuendeleza baada yake, ndiyo maana majina ya wawili hao hutajwa pamoja hadi leo.

Herufi zake zinajulikana. A ni nchi za joto, ambako hata mwezi ulio baridi kuliko yote haushuki chini ya nyuzi 18 za sentigredi. B ni nchi kavu. C ni nchi za wastani, D ni nchi za baridi kali ya theluji, na E ni nchi za barafu, ambako hata mwezi wa joto zaidi haufiki nyuzi 10. Kati ya hizi tano, B ndiyo ya pekee, kwa sababu haiamuliwi na joto tupu wala na mvua tupu. Huamuliwa kwa kulinganisha mvua inayonyesha na joto linaloikausha. Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Namanga, mwendo wa kilomita zipatazo 160, huanza katika C, maana mwezi wa Julai wa Nairobi uko chini ya zile nyuzi 18. Kisha huteremka kupitia Kitengela, Kajiado na Bisil, na anapofika nyanda za chini zinazoelekea Amboseli huwa tayari yumo katika B. Kwa mujibu wa ramani, asubuhi alikuwa katika kundi moja na London, na adhuhuri amefika katika kundi moja na Sahara. Wasafiri wa barabara hiyo hawajaonekana kushtuka.

Ndani ya B mna matawi mawili. Moja ni W, herufi ya kwanza ya neno la Kijerumani lenye maana ya jangwa. Jingine ni S, herufi ya kwanza ya neno stepi. Hapa ndipo tatizo la kwanza la Kiswahili linapojitokeza. Katika Kiswahili cha shuleni na cha magazetini, nchi za S zimezoea kuitwa nusu jangwa. Jina hili ni jepesi kulikumbuka na jepesi kulichora: palipo jangwa ni njano iliyokolea, palipo nusu jangwa ni njano hafifu. Lakini stepi si nusu ya kitu. Katika Kirusi, lugha ambamo neno hili lilitoka, ni jina kamili la uwanda mpana wa majani, nchi ya farasi, kondoo na ng'ombe, nchi ambayo ina watu wake na nyimbo zake. Köppen, aliyesoma Simferopol na kuijua stepi ya Crimea kwa macho yake, aliwaweka S na W kuwa ndugu wawili chini ya B, kila mmoja na jina lake. Kiswahili kimemnyang'anya mmoja wao jina na kumwita nusu ya mwenzake.

Inafaa kusema kwa haki kwamba kosa hili halikuzaliwa katika Kiswahili. Lilipitia Kiingereza cha maofisa na cha vitabu vya shule, na mfasiri alilipokea kama alivyolikuta. Hata hivyo mfasiri hakulazimika. Alikuwa na nyika, alikuwa na mbuga, alikuwa na uwanda. Kila moja la maneno haya lina kasoro yake: nyika ilibeba dharau ya mtu wa pwani kwa mtu wa bara, na mbuga imekwisha kutekwa na hifadhi za wanyama kiasi kwamba mtoto wa shule akiisikia huona simba na gari la watalii. Lakini yote matatu yana fadhila moja ambayo nusu jangwa haina, nayo ni kuwa hutaja ardhi kwa kile kilichopo juu yake.

Neno jangwa lenyewe nalo lina historia inayostahili kukumbukwa. Katika matumizi ya zamani ya pwani halikuwa jina la Sahara, bali la ardhi tupu, mahali pasipoota kitu. Ndiyo sababu katikati ya Dar es Salaam, katika bonde la Mto Msimbazi, pana mahali paitwapo Jangwani, na mahali hapo hujulikana kwa mafuriko. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliifanya serikali kuwahamishia Mabwepande baadhi ya wakazi wa bonde hilo. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa jangwa ni mahali pasipo mvua hawezi kulielewa jina hili; aliyefundishwa kuwa jangwa ni ardhi tupu hapati taabu yoyote. Kwa kulifanya jangwa kuwa kipimo cha mvua, istilahi za kisasa zimeliondolea Kiswahili neno moja na kulirudisha likiwa jingine.

Msomaji anaweza kuuliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya darasa. Linao. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Waraka huo ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapoongeza pato kwa wingi zaidi, na sifa za mahali pa namna hiyo, pamoja na nyinginezo, zilitajwa kuwa ni ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Kuanzia hapo kuitwa nchi kavu hakukuwa tena maelezo ya hewa. Kulikuwa nafasi katika foleni. Ilipita karibu miaka hamsini kabla ya Waraka Nambari 8 wa mwaka 2012 kuweka sera mahususi kwa ajili ya kaskazini mwa Kenya na maeneo mengine makavu. Neno lisemalo kuwa ardhi ni nusu ya jangwa lilifanya kazi yake barabara katika muda huo wote, kwa kuwa hapana mtu awekezaye mali yake katika nusu ya jangwa. Lau ardhi hiyo hiyo ingeitwa nchi ya malisho, hapana hakika kwamba fedha zingefika, lakini angalau mwenye kuzinyima angelazimika kutoa sababu.

Mifano ya uainishaji wenye adabu zaidi haikukosekana. Ramani ya kanda za tabianchi na kilimo iliyotayarishwa na Sombroek na wenzake katika idara ya uchunguzi wa udongo ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 1982, iligawa nchi katika kanda 7 kwa kulinganisha mvua ya mwaka na kiasi cha maji ambacho jua na upepo vingeweza kukivukiza. Kanda ya I ni ile ambako mvua inapita asilimia 80 ya mvukizo huo. Kanda ya V ni kati ya asilimia 25 na 40. Kanda ya VII haifiki asilimia 15. Sehemu kubwa ya Kajiado imo katika kanda za IV hadi VI. Hapa ukavu ni uhusiano baina ya vitu viwili, si ila ya ardhi. C. W. Thornthwaite wa Marekani alikuwa amekwisha kuifuata njia ya namna hiyo katika uainishaji wake wa mwaka 1948. Kwa bahati mbaya, kinachotoka katika kazi kama hizi na kufika katika Kiswahili cha kila siku ni neno kame tu, bila ule uwiano.

Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu majira. Herufi ndogo za Köppen huonyesha wakati wa ukavu: s ikiwa ukavu unakuja katika nusu ya mwaka yenye joto, w ikiwa unakuja katika nusu ya mwaka yenye baridi. Ili kuyafasiri haya, Kiswahili kilihitaji majina ya majira manne ya Ulaya, na badala ya kuyaunda kiliyaazima majina ya majira yake chenyewe. Kiangazi kikapewa kazi ya msimu wa joto wa Ulaya, vuli ikapewa kazi ya msimu wa majani kupukutika, kipupwe kikapewa kazi ya msimu wa theluji, na mara nyingine masika yakapewa kazi ya msimu wa machipuko. Siku hizi msikilizaji wa habari za michezo huambiwa kuwa wachezaji wa Ulaya husajiliwa wakati wa kiangazi, naye hukubali.

Madhara ya uazimaji huu huonekana mara tu mtu anapojaribu kuzifasiri herufi zenyewe. Kiangazi, kwa mzungumzaji wa Kiswahili aliyekulia Unguja au Kajiado, ni kipindi cha jua kisicho na mvua. Ukosefu wa mvua umo ndani ya maana ya neno. Mwalimu anayeeleza tabianchi ya Mediterania kuwa ni ile yenye kiangazi kikavu amesema jambo lisilohitaji kusemwa, maana kiangazi kibichi hakijapata kuonekana. Naye anayeeleza tabianchi ya pepo za msimu za Bara Hindi kuwa ni ile yenye kiangazi chenye mvua nyingi amesema jambo lisilowezekana. Mwanafunzi mwerevu atauliza. Mwanafunzi mtiifu atakariri. Katika hali zote mbili sayansi imeonekana kuwa upuuzi, ilhali upuuzi umo katika tafsiri.

Ikumbukwe kuwa majira ya Ulaya hugawanywa kwa joto, na majira ya Afrika Mashariki hugawanywa kwa mvua na upepo. Kaskazi na kusi, pepo mbili zilizoendesha jahazi kati ya pwani hii na Arabuni na Bara Hindi, ndizo zilizokuwa nguzo za mwaka. Kati yake ndimo mlimokaa masika, kipupwe, demani na vuli. Mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu siku za mwaka wa jua kwa miongo, yaani makumi, kuanzia siku ya Nairuzi, na mwongo ulipotajwa mtu alijua kama chombo king'oe nanga au kibaki bandarini. Huo nao ni uainishaji wa tabianchi, wala si wa kubezwa. Tofauti yake na ule wa Köppen ni kwamba Köppen aligawa mahali, na watu wa pwani waligawa wakati.

Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotolewa kamili mwaka 1952, walilikabili tatizo hili hili katika Mwanzo 8:22, ambamo majira ya joto na majira ya baridi yanatajwa kwa jozi. Walichagua kaskazi na kusi. Uteuzi huo haujasifiwa vya kutosha. Kaskazi huvuma katika miezi ya joto na kusi huvuma katika miezi iliyo baridi zaidi, hivyo jozi inasimama. Na tena hakuna neno lililolazimishwa kubeba theluji ambayo halijapata kuiona. Kwa bahati mbaya uteuzi huo haukufuatwa na watunzi wa istilahi za jiografia, na kwa watu wa bara kaskazini na kusini zimebaki kuwa pande tu za dunia, zisizo na upepo ndani yake.

Mtu anaweza kudai kuwa huu ni ubishi wa maneno tu na kwamba herufi zenyewe hazidhuriki. Namanga inalikanusha dai hilo. Mji huu uko kusini kidogo ya ikweta, kwenye latitudo ya takriban nyuzi 2 na nusu. Kwa kanuni ya Köppen, nusu ya mwaka yenye joto katika kizio cha kusini ni kuanzia Oktoba hadi Machi, na nusu yenye baridi ni kuanzia Aprili hadi Septemba. Lakini mvua za Namanga huja mara mbili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Mstari wa kanuni unapita katikati ya masika: Machi inaanguka upande mmoja, Aprili na Mei upande wa pili. Hakuna mfugaji aliyewahi kuyakata masika namna hiyo.

Mkato huo si wa kuchekesha tu, bali hubadilisha jibu. Katika kanuni inayotumika leo, mpaka wa nchi kavu hupatikana kwa kuzidisha wastani wa joto la mwaka kwa 20, kisha kuongeza milimita 280 ikiwa angalau asilimia 70 ya mvua hunyesha katika nusu ya joto, au kuongeza 140 ikiwa mvua imegawanyika, au kutoongeza kitu ikiwa asilimia 70 hunyesha katika nusu ya baridi. Msomaji achukulie, kwa mfano tu, mahali penye wastani wa nyuzi 21 na mvua ya milimita 600. Ikiwa mvua imegawanyika, mpaka ni milimita 560, na mahali hapo si nchi kavu. Ikiwa asilimia 70 ya mvua hiyo, yaani milimita 420, imeanguka kati ya Oktoba na Machi, mpaka unapanda hadi 700, na mahali hapo panakuwa stepi. Maji ni yale yale na jua ni lile lile. Kilichobadilika ni upande wa mstari ulioangukiwa na mvua, mstari ambao kwenye ikweta hautengi msimu wowote unaojulikana na watu. Köppen mwenyewe hakukosa kuiona mvua ya mara mbili, akaweka alama ya ziada kwa ajili yake, lakini alama hiyo hupotea kwanza ramani inaporahisishwa kwa ajili ya wanafunzi.

Kajiado inaongeza ugumu mwingine. Katika Kenya imezoeleka kuziita mvua za Machi hadi Mei mvua ndefu, na zile za Oktoba hadi Desemba mvua fupi, majina ambayo ni tafsiri ya Kiingereza neno kwa neno. Magharibi ya Kajiado majina hayo yanakubalika. Mashariki, kuelekea Loitokitok na miteremko ya Kilimanjaro, mvua ya vuli ndiyo kubwa, na mkulima huitegemea kuliko ile iitwayo ndefu. Masika na vuli, kwa vile hayasemi lolote kuhusu urefu, yangemtosha mkulima wa pande zote mbili. Hapa tena Kiswahili kilikuwa na neno zuri nyumbani kikaenda kukopa jirani.

Kuhusu jina la jambo zima, yaani tabianchi, maneno machache yanatosha. Tanzania husema hali ya hewa, na mamlaka yake ya utabiri inaitwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kenya huelekea zaidi kusema hali ya anga. Namanga husikia yote mawili, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018, msafiri huweza kuyasikia chini ya paa moja. Tofauti hii haina madhara. Lenye madhara ni kuyatumia yote mawili kwa maana ya tabianchi, kama inavyofanywa kila inapotajwa mabadiliko yake, maana hewa ya leo na mazoea ya miaka 30 ni vitu viwili. Tabianchi ni neno zuri: linasema kuwa ardhi ina tabia, na tabia hujulikana kwa kukaa na mtu muda mrefu. Shaka moja iliyopo ni kwamba neno nchi limesogea. Katika Kiswahili cha zamani nchi ilikuwa ardhi, mwenzi wa mbingu. Leo ni dola yenye bendera. Kwa maana hii mpya Namanga ingekuwa na tabianchi mbili, moja kila upande wa kizuizi, jambo ambalo Ol Doinyo Orok halilijui.

Neno la Kimaa linalofaa kutazamwa kwa makini zaidi ni jozi ya osupuko na olpurkel. Osupuko ni nyanda za juu, zenye baridi, misitu na maji ya kudumu. Olpurkel ni nyanda za chini, zenye joto, ambako majani huota upesi mvua inyeshapo na maji hukauka upesi inapokatika. Kwa haraka mtu angesema kuwa hizi ni C na B za Kimaasai. Si hivyo. Köppen akishapaita mahali B amemaliza. Jina halisemi lolote kuhusu mahali pengine. Jozi ya Kimaa haina maana neno moja likiondolewa, kwa sababu kila moja hutaja pia wakati wa kuwapo: olpurkel ni malisho ya wakati wa mvua, osupuko ni kimbilio la wakati wa kiangazi, olameyu kwa lugha yao. Wakati na mahali, ambavyo Köppen na watu wa pwani walivitenga, vimeunganishwa hapa kwa mwendo wa ng'ombe. Juu ya mji wa Namanga jambo hili huonekana bila ramani, kwa kuwa mlima una msitu na ukungu kileleni na nyasi kavu miguuni.

Hata anga husomwa kwa namna hiyo. Nyota ambazo Kiswahili huziita Kilimia, Kimaa huziita Nkokua, na jina hilo hilo hutumika kwa mvua za masika. A. C. Hollis aliandika mwaka 1905 kwamba Wamaasai walizifananisha nyota hizo na ng'ombe wanaofuatana, na kwamba zilipotoweka walijua mvua kubwa imekwisha. Kiswahili kimelichota jina lake katika kitenzi cha kulima, na methali maarufu ihusuyo kuzama na kuzuka kwa Kilimia inalinganisha jua na mvua kwa njia hiyo hiyo. Nyota ni zile zile, mvua ni ile ile. Mmoja aliona jembe na mwingine akaona mifugo. Köppen, mwanafunzi wa mimea, aliona majani. Hakuna kati yao aliyeainisha tabianchi kutoka mahali pasipo na kazi.

Hapa panahitajika tahadhari dhidi ya pendekezo ambalo husikika mara kwa mara katika mikutano ya istilahi, kwamba mfumo wa Köppen utupwe na majina ya kienyeji yashike nafasi yake. Osupuko haiwezi kutaja Siberia, wala kaskazi haiwezi kutaja Peru. Mfumo wa kulinganisha dunia nzima unahitajika, na herufi zake, kwa kuwa si maneno, hazimdhulumu mtu. Linalopendekezwa ni dogo zaidi na gumu zaidi: herufi zibaki herufi, S iitwe stepi au nyika ya malisho na nusu jangwa liachwe, majira ya Ulaya yaitwe majira ya joto, ya kupukutika, ya baridi na ya machipuko, kiangazi, masika, vuli na kipupwe virudishiwe maana zake, na herufi w inapotumiwa karibu na ikweta, mwalimu aseme nusu ya mwaka isiyo na jua la utosi badala ya kutafuta baridi pasipokuwa na baridi.

Kuhusu osupuko na olpurkel, swali si kama Kiswahili kiyakope. Yanastahili kukopwa. Swali ni yatafafanuliwaje. Makubaliano ya 1904 na 1911 yaliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na Laikipia na kuwasukuma kusini. Mwaka 1974 Amboseli ilifanywa hifadhi ya taifa, pamoja na vinamasi vyake ambavyo mifugo ilivitegemea wakati wa kiangazi. Sheria ya mwaka 1968 ya ranchi za jumuiya iligawa nyanda kwa mipaka, na kuanzia miaka ya 1980 ranchi zenyewe zikaanza kukatwa vipande vya mtu mmoja mmoja. Kitengela leo ni nyua na nyumba mahali ambapo palikuwa na njia. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, olpurkel ilikuwapo bila osupuko ya kukimbilia, na hapo ndipo ilipofanana kweli na kile ambacho ramani ilikuwa imekiita kwa miaka mingi. Mtunzi wa kamusi atakayeliingiza neno hili atakuwa na fafanuzi mbili mbele yake: nyanda za chini zitumikazo kwa malisho wakati wa mvua, au nyanda kavu za chini. Ya pili ni fupi, na ndiyo ambayo wapimaji wa ardhi watamwambia kuwa inatosha.